Usifomati mashine kwanza: eror zinazotoka kwenye heda za sistimu

Habari za jioni wadau. Asanteni waandaaji kwa kunikaribisha, na asanteni nyie mliokuja na laptopu zenu maana leo tutazifungua. Nimeombwa niongelee eror za kompaila, ile programu inayogeuza kodi yako kuwa programu inayoendeshwa, nikaomba nisiongelee zote, niongelee aina moja tu ambayo naona inatesa watu kuliko inavyostahili. Unakompaili programu yako ya mistari kumi, ya kawaida kabisa, alafu eror inatokea sio kwenye faili lako, inatokea kwenye /usr/include/stdio.h, au kama uko Windows inatokea ndani ya folda ya MinGW, yaani kompaila ya GCC ya Windows, faili ambalo hujaliandika we na hujawahi hata kulifungua. Hapo ndo mtu anaishiwa nguvu. Anaona mashine nzima imeoza, anaenda kuuliza kwenye grupu la WhatsApp, na jibu la kwanza linalorudi ni lile lile la siku zote, piga fomati weka upya.

Mi nimekuja kuwaambia msifomati. Sio kwamba fomati haitatibu, mara nyingi itatibu, ila unachoma vitu vingi kuua mdudu mmoja. ISO, yaani faili la kuinstolia, ya Ubuntu 24.04 ya desktopu ni zaidi ya gigabaiti 5. Pakeji inayobeba ile stdio.h yako, inayoitwa libc6-dev, ni kama megabaiti 2 tu. Piga hesabu ya bando mwenyewe. Na hapo hatujagusa kazi za watu zinazopotea, projekti ya mwaka wa mwisho ambayo haikuwa na bakapu, picha za familia, nywila zilizohifadhiwa kwenye brauza. Mwanafunzi anapoteza vyote hivyo kwa sababu ya faili moja la maandishi, na hilo linaniuma kwa kweli, ndo maana nimekubali kuja kusimama hapa.

Tuanze kwa kuelewana heda ni nini, haraka haraka maana wengi mnajua. Ni faili lenye matangazo ya fankshoni na aina, kama stdio.h. Ukiandika #include, kompaila haifanyi maajabu yoyote, inachukua lile faili zima inalimwaga pale pale ulipoandika. Basi. Ndivyo ilivyo tangu Dennis Ritchie na wenzake walipoiweka kwenye C mwanzoni mwa miaka ya 1970 na haijabadilika sana. Ukitaka kuona kwa macho, kompaili kwa gcc -E alafu hesabu mistari kwa wc -l. Kaprogramu kako ka mistari mitano kenye stdio.h kanatoka na mamia ya mistari, na ka C++ kenye iostream kanapita elfu 20. Kwaiyo unaposema programu yangu ni ndogo, kompaila haioni hivyo, kompaila inasoma kitabu kizima na ukurasa wako ni ule wa mwisho. Herufi moja ikiharibika huko katikati, matokeo yake yanaweza kuonekana popote baada ya pale.

Sasa swali la kwanza kabisa, na hili ndo watu wanaliruka: je, heda imeharibika kweli? Maana mara nyingi sana, na ninasisitiza sana, heda ni nzima na kosa ni la kwako. Ntawaonyesha hapa kwenye skrini. Nina heda yangu mteja.h, ndani kuna struct mteja yenye int id, nimefunga bano ila nimesahau nukta mkato mwishoni. Kwenye main.c nime-include mteja.h kwanza, stdio.h inafuata. Nakompaili. Mnaona? GCC inalalamika kuhusu stddef.h, ndani kabisa ya /usr/lib/gcc, inasema "two or more data types in declaration specifiers" kwenye mstari wa size_t. Mtu akiona hivi anaapa kwamba stddef.h imeharibika. Kumbe kompaila ilikuwa bado inasubiri nukta mkato yangu, ikaingia stdio.h, stdio.h ikaita stddef.h, na neno la kwanza lenye maana ililokutana nalo likawa typedef ya size_t. Ikaona aina mbili zimebanana, ikapiga kelele pale. Kosa liko kwangu, kelele ziko kwa jirani.

Kipimo cha kutenganisha hizo mbili ni kifupi mno, andikeni:

echo '#include <stdio.h>' | gcc -fsyntax-only -x c -

Hapo hakuna kodi yako hata herufi moja. Kuna heda peke yake. Ikipita kimya, bila kusema chochote, stdio.h yako na zote inazozivuta ni nzima kisintaksia, rudi kwenye kodi yako utafute nukta mkato au bano au ile #define uliyoiita jina ambalo heda inalitumia. Ikilia eror, sasa ndo una sababu ya kushuku heda. Kwa C++ unabadilisha tu, g++ na -x c++ na iostream. Naomba kila mtu akariri hii komandi, hata mkisahau vingine vyote.

Kuna mtego mmoja kwenye hicho kipimo. Kama heda imekuwa tupu kabisa, yaani ukubwa sifuri, kipimo kitapita kimya pia, maana faili tupu halina kosa la sintaksia. Dalili yake inakuja ukitumia printf. GCC inakwambia "implicit declaration of function 'printf'", na chini yake inakupa ushauri, "include '<stdio.h>' or provide a declaration of 'printf'". Na we unaangalia mstari wa kwanza wa faili lako, stdio.h ipo pale, umei-include, macho yako ni mazima. Ukikutana na hiyo hali, kompaila inakuomba uweke kitu ambacho tayari umeweka, nenda moja kwa moja ukapige ls -l kwenye hiyo heda. Zamani hii ilikuwa onyo tu na programu ilikuwa inaendelea kutengenezeka, ila kuanzia GCC 14 ya mwaka 2024 imekuwa eror kamili, kwaiyo wenye mashine mpya mtaiona mapema zaidi, na mi naona ni afadhali.

Na kuna jambo jingine la GCC linalowachanganya watu hapa hapa. Karibu maonyo yote yanayotokea ndani ya heda za sistimu inayaficha kwa makusudi, ili usisumbuliwe na vitu ambavyo sio kazi yako. Ni uamuzi mzuri siku zote isipokuwa siku heda yenyewe inapokuwa mgonjwa. Siku hiyo ongeza -Wsystem-headers uone kila kitu. Faili likijaa baiti za sifuri kwa mfano, ujumbe wake ni "null character(s) ignored", ni onyo, na bila hiyo flagi hutaliona.

Kabla hatujafika kwenye uharibifu wenyewe kuna kesi ya tatu, heda ni nzima ila sio hiyo inayosomwa. Kompaila ina orodha ya folda inazotafuta kwa mpangilio, na inachukua ya kwanza inayokutana nayo. Muulize mwenyewe, gcc -v -E - </dev/null, atakuorodheshea chini ya "search starts here". Mtaona /usr/local/include iko juu ya /usr/include. Sasa kuna mtu aliwahi kupiga sudo make install ya kitu fulani miaka miwili iliyopita, kikaacha heda ya zamani kwenye /usr/local/include, na leo ndo inasomwa badala ya ile ya pakeji. Au kuna CPATH au C_INCLUDE_PATH, vigezo vinavyoongeza folda za kutafuta, imewekwa kwenye .bashrc kufuata maelekezo ya tutorial na mwenyewe kasahau. Au mtu kaweka -I., flagi inayoongeza folda aliyomo kwenye hiyo orodha, kwenye Makefile na kwenye projekti yake ana faili linaitwa string.h au time.h. Watu wa Mac nyie mna ya kwenu, C++20 ilileta heda inaitwa version, haina .h mbele, na faili za Mac kwa kawaida hazitofautishi herufi kubwa na ndogo, kwaiyo projekti yenye faili la VERSION lenye "1.2.3" ndani yake likiwa kwenye njia ya -I linamezwa kama heda ya C++ na kompaila inachanganyikiwa kabisa. Hiyo imewakuta watu wengi tu wa projekti kubwa.

Ya kukusaidia hapo ni gcc -H. Inakuchapia kila heda iliyofunguliwa na njia yake kamili, na vinukta mbele vinavyoonyesha nani kamwita nani, nukta moja, nukta mbili, nukta tatu. Pitisha jicho tu. Ukiona njia isiyo /usr/include au /usr/lib/gcc na hukuitegemea, umeshapata mchawi wako.

Haya, tuje kwenye uharibifu wa kweli. Unatokeaje?

Wa kwanza ni mkono wa binadamu, na huu naukuta zaidi kwa wanaoanza, hasa Windows. Fungua Dev-C++ au Code::Blocks au VS Code, shikilia Ctrl ubofye jina la heda, linafunguka lenyewe. Mwanafunzi hajui kwamba yuko ndani ya heda, anaona tabo mpya imefunguka, anabonyeza herufi mbili tatu, anapiga Ctrl+S kwa mazoea kisha anafunga. Linux ingemkatalia kwa sababu /usr/include ni ya root, yule mtumiaji mkuu, ila C:\MinGW mtumiaji yeyote anaandika anavyotaka. Kuanzia hapo kila programu anayokompaili inakataa, hata zile zilizokubali jana. Na wale mnaofanya kazi kama root muda wote, kwenye kontena, yale mazingira yaliyotengwa na mashine, kwenye WSL, kwenye VPS, hamna tofauti na huyo mwanafunzi wa Windows, ulinzi wenu mmeuvua wenyewe. Wengine wanafungua heda kwa Notepad na kuisevu kwa UTF-16, alafu GCC inaanza kutema "stray '\377' in program" na "stray '\376' in program". Hizo namba mbili ni alama ya mwanzo wa faili la UTF-16, ukiziona pamoja hivyo usitafute kwingine.

Wa pili ni umeme. Hapa kwetu hili halihitaji maelezo marefu. Ila muelewe kinachotokea ndani, maana watu wanadhani umeme ukikatika kinachoharibika ni lile faili ulilokuwa umelifungua tu. Linux ikiandika faili haipeleki kwenye diski saa hiyo hiyo, inalikalisha kwenye RAM sekunde kadhaa ndo inalipeleka. Jina la faili na ukubwa wake vinaweza kutangulia kufika diski na yaliyomo yakawa bado. Umeme ukikatika katikati hapo unabaki na faili lenye jina sahihi na ndani hamna kitu, au ndani kumejaa sifuri. Ext4, mfumo wa faili wa Linux, ilipokuwa mpya, mwaka 2009, malalamiko yalikuwa mengi hadi Ted Ts'o, mmoja wa wanaoitengeneza ext4, na wenzake wakaongeza kinga kwenye kernel 2.6.30. Na dpkg, programu inayoinstoli pakeji, siku hizi inalazimisha data ifike diski kabla ya kubadilisha jina la faili. Kwaiyo kwenye Debian na Ubuntu ya kawaida uko salama kiasi kikubwa, ila ukiwa umewasha ile opsheni ya force-unsafe-io ili apt ikimbie, hiyo kinga umeizima. Imeji za Docker huwa zinaiwasha, na kwa kontena ni sawa kwa sababu kontena unalitupa na kujenga jingine. Usiinakili kuipeleka kwenye mashine yako ya kazi.

Umeme ukikatika apt ikiwa katikati ya kuapudeti, kabla hujafikiria heda anza na sudo dpkg --configure -a kisha sudo apt -f install. Nusu ya kesi zinaishia hapo.

Heda ikikatika katikati, yaani nusu ya juu ipo na ya chini haipo, dalili yake ni nzuri sana kwa sababu ni ya wazi. Utaona "unterminated #ifndef". Karibu kila heda inaanza na #ifndef yake na inafunga na #endif mwisho kabisa, mkia ukikatwa #endif haipo, kompaila inafika mwisho inashangaa. Eror hiyo ikitoka kwenye heda ya sistimu wala huna haja ya kujiuliza mara mbili.

Wa tatu ndo ninaoupenda kuufundisha kwa sababu unaonyesha jinsi kitu kidogo kinavyoweza kupoteza mtu, nao ni biti moja kugeuka. Laptopu zetu za kawaida hazina RAM ya ECC, ile inayogundua na kurekebisha makosa yake, na diski zikizeeka nazo zinaanza visa vyao. Nukta mkato kwenye ASCII ni namba 59. Bano la wimbi la kufungua ni 123. Toa, inabaki 64, yaani biti moja tu ndo inawatenganisha. Sasa chukua mstari mmoja ndani ya stdio.h, extern int getchar (void), wenye nukta mkato mwishoni. Alafu ile nukta mkato igeuke bano. Ghafla sio tangazo tena, ni mwanzo wa mwili wa fankshoni, na kila kinachofuata, heda yote iliyobaki pamoja na main yako, kimeingia ndani ya getchar. GCC inaruhusu fankshoni ndani ya fankshoni kwenye C kwaiyo hata main haiikatai. Inasoma hadi mwisho kabisa ndo inagundua bano halijafungwa, inasema "expected declaration or statement at end of input", na inaonyesha mstari wa mwisho wa faili LAKO. Jina la stdio.h halitajwi popote. Unaweza kuhesabu mabano yako hadi asubuhi, yote yametimia. Kile kipimo cha mstari mmoja nilichowapa mwanzo kinakamata hii ndani ya sekunde, ndo maana nikasema mkikariri.

Biti ikigeuka kwenye herufi ni rahisi zaidi, int inakuwa inv, kompaila inakwambia haiijui inv, unaona kwa macho.

Sawa, tumeshashuku heda, tunathibitishaje? Hapa ndo pana utajiri ambao watu wengi hawajui kuwa wanao. Pakeji ilipoinstoliwa, Debian ilihifadhi md5, alama inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo, ya kila faili kwenye /var/lib/dpkg/info. Mashine yako inajua stdio.h inatakiwa iweje, baiti kwa baiti. Unachotakiwa ni kuiuliza. Kwanza, faili ni la nani:

dpkg -S /usr/include/stdio.h

Inajibu libc6-dev. Za C++ zitakwambia libstdc++ na namba ya toleo, zile zilizoko /usr/lib/gcc kama stddef.h na stdarg.h ni libgcc na namba yake, na zote za linux/ na asm/ ni linux-libc-dev. Ikikujibu "no path found", simama hapo hapo, maana yake hilo faili halina pakeji, kuna mtu kalileta kwa mkono. Ukishajua mwenyewe ni nani:

dpkg -V libc6-dev

Ikikaa kimya, kila kitu kiko sawa. Kukiwa na tatizo inachapa mstari wenye alama za kuuliza nyingi na namba 5 katikati yake, alafu njia ya faili. Hiyo 5 ni md5, inakwambia yaliyomo yamebadilika. Faili likiwa halipo kabisa inaandika missing. Wa Fedora na ndugu zake, rpm -qf badala ya dpkg -S, na rpm -V inafanya kazi hiyo hiyo, yenyewe inaongeza S kama ukubwa umebadilika na T kama muda umebadilika. Mtu mwenye shaka na mashine nzima apige dpkg -V bila jina la pakeji, inachukua muda ila inapita zote, na hapo mtaona kama ni heda moja tu au ni uharibifu uliosambaa. Jibu la hilo swali ni muhimu kuliko mnavyodhani na ntalirudia sasa hivi.

Kama unataka kuona uharibifu kwa macho yako, file /usr/include/stdio.h inatakiwa iseme C source. Ikisema data kuna baiti za ajabu ndani, ikisema empty unajua. hexdump -C itakuonyesha zenyewe.

Tiba sasa:

sudo apt install --reinstall libc6-dev

Weka na linux-libc-dev kama nayo ililalamikiwa. Rudia dpkg -V, iwe kimya. Rudia kipimo cha mstari mmoja. Umemaliza, na kazi zako zote ziko pale pale. Ikigoma na kusema pakeji yenyewe haisomeki, piga sudo apt clean kwanza, huenda ile .deb iliyokaa kwenye kashi nayo iliharibika.

Ila nawaomba msiishie hapo. Faili halijiharibu lenyewe. Ukijua ulibonyeza Ctrl+S mwenyewe, sawa, sababu umeijua. Hujui? Basi angalia dmesg kama kuna I/O error, piga smartctl -a kwenye diski uangalie Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, zikiwa zimeanza kupanda toa data zako leo, usisubiri wikiendi. Faili zikiwa zimeharibika nyingi kwenye pakeji zisizohusiana, diski ndo mshukiwa. Na kuna hali moja ya ajabu ambapo dpkg -V inalalamika, unawasha mashine upya, inanyamaza. Kwenye diski faili lilikuwa zima muda wote, nakala iliyokuwa imekaa RAM ndo iliyoharibika. Hapo memtest86+ usiku kucha, hamna mjadala. GCC yenyewe huwa inatoa kidokezo, ikianguka kwa internal compiler error alafu ikijaribu tena isianguke, inaandika "The bug is not reproducible, so it is likely a hardware or OS problem". Watu wanaipita hiyo sentensi kama mapambo. Isomeni, inasema kweli.

Windows kwa kifupi. Anayetumia MSYS2 ana pacman, pacman -Qo inakwambia faili ni la nani na pacman -S inalirudisha. Mwenye MinGW iliyokuja ndani ya Code::Blocks au Dev-C++ hana wa kumuuliza, ila ana jirani darasani mwenye toleo lile lile. Piga certutil -hashfile, njia ya faili, SHA256, kwenye mashine zote mbili. Zikitofautiana futa ile folda ya kompaila tu, iinstoli tena. Kompaila tu, sio Windows.

Mac, tangu Mojave ya 2018 Apple waliacha kuweka /usr/include, kwaiyo ukiapudeti na ukaambiwa stdio.h haipo usidhani imeharibika, heda zimehamia ndani ya SDK, folda ya Apple ya kutengenezea programu. xcrun --show-sdk-path inakuonyesha zilipo. Zikigoma kabisa unafuta /Library/Developer/CommandLineTools na kupiga xcode-select --install.

Zipo na zinazofanana na uharibifu na sio. "bits/libc-header-start.h: No such file" mara nyingi ni mtu anakompaili kwa -m32, yaani programu ya biti 32, na hana gcc-multilib. Make ikikwambia "No rule to make target" alafu njia ya stddef.h ya GCC ya zamani, umeapudeti kompaila na faili za .d za zamani, zinazoorodhesha heda zinazotumika, bado zinataja toleo lililoondoka, make clean inatosha. Na wanaojijengea GCC wenyewe, kuna folda ya include-fixed, GCC wakati wa kujengwa inanakili heda za sistimu zenye kasoro na kuzirekebisha. Ukiapudeti sistimu baadae zile nakala zinabaki za zamani na zinagombana na mpya. Kuna skripti inaitwa mkheaders inayozitengeneza upya, inasahaulika sana.

La mwisho kutoka kwangu, na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Usirekebishe heda ya sistimu kwa mkono. Najua inavyovutia, unaona mstari wenye kosa, unajua dawa, sudo nano, dakika moja umemaliza, programu inakompaili. Ila heda ni makubaliano kati ya kodi yako na maktaba ambayo tayari imeshakompailiwa. Ukikosea aina moja ndani ya struct, kompaila haitakwambia kitu, itaamini ulichoandika, na programu itaandika kwenye kumbukumbu mahali ambapo maktaba haikutarajia. Eror ya kompaila inakusimamisha mlangoni. Hiyo ya pili inakungoja ndani, wiki tatu mbele, mbele ya mteja. Kupakua stdio.h kutoka kwenye tovuti fulani na kuibandika ni kosa hilo hilo, maana heda inatakiwa iwe ya glibc, ile maktaba ya C ya Linux, ile ile uliyo nayo, sio ya mtu mwingine. Pakeji inayo nakala sahihi, iombe.

Sasa fungueni terminali, nimeleta heda tatu nilizoziharibu kwa makusudi kwenye flashi hii, ziko ndani ya kontena kwaiyo mashine zenu ziko salama. Moja ni tupu, moja imekatwa mkia, ya tatu ina biti moja imegeuka na sisemi ni wapi. Anzeni na dpkg -V. Dada hapo mbele aliyenyoosha mkono tangu mwanzo, uliza swali lako wakati flashi inazunguka.